Mwalimu wa Ushoni na Nguo ya Mpira

Mwalimu wa ushoni alikupima kwa macho kabla hajakusalimia. Ungekutana naye sokoni Rumonge, macho yake yangeanzia mabegani kwako, yashuke kiunoni, yapande tena shingoni, ndipo aseme "Amahoro." Kabla hujamaliza kuitikia alikuwa ameshajua kama umekonda, umenenepa, au una jambo tumboni. Mimba yangu ya mwisho aliijua yeye kabla ya mume wangu, na alinitangazia mbele ya wateja, amesimama katikati ya nguo zangu. Nilinuna mpaka Ijumaa.

Alikotoka sitakueleza, maana mwenyewe hakupenda kuulizwa. Nilimjua akiwa tayari mjane, jirani yangu katika mtaa wetu wa Waswahili, mwalimu wa wasichana pale kwenye kituo cha akina mama tulichokiita fuaye. Chumba chake kilikuwa na vyerehani vya zamani vilivyopiga kelele kuliko wasichana wenyewe. Sote tulimwita Mwalimu, hata wale aliowazidi umri kidogo tu. Mimi nilikuwa nauza caguwa, nguo za mitumba zilizokuja kwa balo, yaani robota zima, kutoka Kigoma siku ambazo ziwa lilipitika, na siku ambazo halikupitika niliuza zilezile za juzi na kuziapia kwamba ni mpya.

Alikuwa mtu wa kukuchanganya. Aliishi kando ya ziwa lakini samaki hali, si mukeke wala ndagala, anasema wanamnukisha mikono. Sukari aliificha hata kwa wageni, ila sabuni aligawa vipande vizima, zile sabuni zetu za mawese, akiamini kwamba hakuna aibu mbaya kuliko kola chafu. Aliwashonea wenzake magauni ya harusi huku yeye mwenyewe akitembea na kanga yenye tundu. Nilipomuuliza kuhusu hilo tundu alinijibu, "Mama Zaina, nani ananiangalia mimi?" Uongo mtupu, kila mtu alimwangalia.

Na alikuwa akiogelea. Hilo wengi hawakulijua, maana aliogelea alfajiri, akiwa na kanga mbili, katika kipande cha ufukwe kilichozibwa na matete. Lakini mtumbwini hapandi. Alisema maji anayaelewa, ila mtu anayeshika kasia hamwelewi. Ulipotokea msiba Minago alikwenda kwa miguu na kurudi kwa baiskeli ya kukodi, ilhali sisi wengine tulipita majini.

Vita vilipotufikia, siku moja risasi zililia juu ya milima, na sisi sote tukakimbilia ziwani, kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyokuwa wazi. Mitumbwi ilijaa kupita kiasi. Mmoja ulizama mbele ya macho ya Mwalimu, si mbali na ufukwe, na wanafunzi wake wawili hawakutoka. Aliingia majini na nguo zake zote, akavuta aliyeweza kumvuta. Wale wawili hakuwafikia. Miezi ikapita hajasema neno juu yao. Kisha jioni moja, tukimenya muhogo nyuma ya nyumba yangu, akasema bila kuinua kichwa, "Nimewafundisha kutia uzi mu sindano. Kuelea sikuwafundisha."

Kuanzia hapo alikuwa na shughuli moja tu duniani. Kila msichana wa fuaye angejua kuogelea kabla hatujakimbia tena. Kwamba tungekimbia tena hakuna aliyebisha.

Alianzia mahali pakavu. Aliwalaza wasichana kifudifudi juu ya mabenchi, wakapiga miguu hewani huku yeye anapita katikati na rula ya mbao, anagusa goti lililokunjika. Alileta beseni la maji, kila mmoja akazamisha uso na kutoa mapovu. Aliyeinuka akikohoa alirudishwa. Ukipita barabarani ungesikia vyerehani vimenyamaza na mapovu yanalia, ukafikiri wote wamerukwa na akili. Zaina wangu alirudi nyumbani nywele zimelowa, nikamuuliza kama siku hizi gauni linashonwa kwa pua.

Majini ndiko mambo yalikokwama. Kwanza sisi akina mama tulikataa. Kanga ikilowa inashika mwili, na ufukweni wapo wavuvi, wapo askari, wapo vijana wasio na kazi. Pili, yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa kifua. Kuogelea kidogo alfajiri na kutoka alikuweza, lakini kusimama ndani ya maji asubuhi nzima, akimshika huyu mgongo na yule kidevu, kulimshinda. Kiangazi upepo unapotoka kusini, maji yetu yanayosifiwa kwa uvuguvugu yanakula mtu polepole. Alijaribu siku chache na wale watoto ambao mama zao walikuwa wamehama na kuwaacha kwa jamaa, hakuna wa kukataza. Akatoka midomo imekuwa ya kijivu, akalala kitandani, pumzi inapiga filimbi. Nilimpelekea chai ya tangawizi nikamwambia aache. Akasema chai haina sukari ya kutosha. Sukari ya kwangu, hiyo.

Ndipo ikaja ile balo. Niliifungua nikitegemea makoti, nikakuta nguo mbili nyeusi za mpira, nzito, zenye mikono na miguu, zipu mgongoni. Moja kubwa ya mtu mwenye kiriba cha tumbo, nyingine nyembamba. Sikujua ni vitu gani. Fundi viatu alikuwa wa kwanza kuzipenda, alitaka kuzikata soli. Tulikuwa karibu kuelewana Mwalimu alipofika, akazipima kwa macho kama anavyowapima watu.

"Hii kitu iko nini?"

"Mimi ninajua? Iko mpira. Inaenda kuwa viatu."

Hakunisikia. Alikuwa amegeuza mkono wa ile nyembamba ndani nje, anafuata mshono kwa ukucha. Uso wake ulibadilika. "Angalia," akaniambia. "Sindano imeingia, lakini upande wa pili haikutoka. Wameibandika kwanza kwa gundi, halafu wakashona nusu ya unene tu. Maji itapita wapi?" Niliona mshono. Yeye, nadhani, aliona kitu kama sala. Mwaka mzima baadaye aliwatesa wasichana wa fuaye wajifunze mshono huo kwenye vitambaa vya kawaida, ambako hauna faida yoyote.

Tulimwita jirani yetu Mukongo, mtu wa upande wa Uvira, ambaye kabla ya vita alikuwa akizamia kukamata samaki wadogo wa rangi wanaopelekwa Ulaya kufugwa ndani ya vioo. Vita vilimwachisha kazi, akawa anapanga mizigo bandarini. Alipoziona alicheka kwa furaha kama aliyekutana na ndugu.

"Hizi tunaita kombinezo. Ni za baridi ya maji, Mwalimu. Ndiyo hii ulikuwa unatafuta!"

Akamweleza namna ya kuchagua. Ile kubwa aachane nayo. "Mu maji inapashwa kukubana. Maji kidogo inaingia, inapata moto ya mwili, inabakia palepale. Kama iko kubwa, maji inaingia, inatoka, inaingia tena, baridi inakukula tu." Ainue mikono kama anayevuta wavu, na mabega yasivutwe. Achuchumae. Shingoni ibane lakini ameze mate bila shida. Nyuma ya kiuno pasiwe na mahali pa kufinya.

Mwalimu alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akachagua ile kubwa.

Nisimcheke sana, maana ningefanya vilevile. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha wasichana kwamba nguo ya mwanamke wa heshima huachiwa nafasi. Mkono upite kati ya kitambaa na kiuno. "Nguo inayobana," alizoea kusema darasani, "imekosewa na fundi au imekosewa na mvaaji." Sasa mwanamume anakuja kumwambia kwamba ile inayobana ndiyo nzuri, atoke nayo mbele ya wavuvi mwili mzima unasomeka. Ile kubwa ilimkaa vizuri kabisa ukumbini kwangu. Alijigeuza mbele ya kioo changu, akaniuliza kama mgongoni hapajakunjamana, nikamwambia anaweza kwenda nayo harusini.

Majini ilijaa kama gunia. Miguu ikavimba, mikono ikavimba, akawa hawezi hata kugeuka. Zaina aliyekwenda kuchungulia alirudi anacheka hadi anakaa chini. Wavuvi walimkokota nje kwa kamba, na alipofungua zipu ziwa zima likamwagika miguuni pake. Akalala tena na kifua, safari hii vibaya zaidi, na alipopata nafuu aliipeleka mwenyewe ile kubwa kwa fundi viatu. Kwa muda mrefu nusu ya Rumonge ilitembea juu yake.

Kuivaa ile nyembamba kulihitaji wanawake watatu na mlango uliofungwa. Tulimpaka sabuni miguuni, tukavuta. Tukampaka sabuni mabegani, tukavuta tena. Zipu ilipofika shingoni sote tulikuwa tumelowa jasho, naye amesimama katikati ya chumba, mweusi, anang'aa, mwembamba kuliko nilivyowahi kumdhania. Akainua mikono, akachuchumaa, akameza mate, kisha akatuomba tusimwangalie, huyu aliyetuangalia sisi miaka yote. Nilimpenda sana siku hiyo. Nilitafuta kitu cha kumfunika nikapata pazia la manjano lenye maua ya waridi, nikamzungushia.

"Toa hiyo," akasema. "Naenda alfajiri. Giza itanifunika."

Hapo ndipo sisi sote, pamoja na mzamiaji wetu, tulipokuwa wajinga. Tulishughulika na heshima na baridi, tukasahau tunaishi miaka gani. Siku zile waasi walivuka ziwa kutoka upande wa Congo, na askari wa pozisyo, kile kituo chao kilichokuwa juu ya bandari, walikuwa na amri ya kupiga risasi chochote kilichosogea majini bila ruhusa. Mwalimu alikwenda mbali kidogo kuchangamsha mwili. Kilichoonekana kutoka ufukweni ni kichwa cheusi na mabega meusi yanayokuja kutoka upande wa Congo.

Nilikuwapo, nimeshika kanga zake. Wavuvi walikuwa wakitandaza ndagala, mmoja akapiga kelele, "Imvubu!" Wengine wakasema kiboko gani anayetumia mikono. Kaporali alishuka mbio na bunduki yake, akaiweka begani. Nilipunga kanga zake hewani badala ya kupiga kelele, mimi ninayesikika soko zima.

Mwalimu aliona. Alisimamisha mwili majini, akanyoosha mkono mmoja juu, na sauti ya darasani ikaja juu ya maji. "We kaporali! Mimi ndiye nilishona suruwali yako pale ilipasuka! Niseme ilipasukia wapi?"

Wavuvi walicheka kabla kaporali hajashusha bunduki, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoishusha. Mwalimu alipotoka majini, kaporali alimpokea ukingoni. Alikuwa kijana tu, angeweza kuwa mwanawe. "Mwalimu," akamwambia, "nyeusi hapana. Karibu ningekuua, halafu mimi ningelala namna gani? Vaa rangi. Nikiona rangi, najua ni weye."

Basi pazia langu la manjano likapata kazi. Alilikata kanzu fupi isiyo na mikono, inayoishia chini ya magoti, iliyopasuliwa pembeni ili miguu ipige, na kofia ya kitambaa hichohicho, maua yake ya waridi utosini. Alivaa juu ya mpira. Mpira ukatunza joto, kanzu ikatunza heshima, na rangi ikatunza uhai wake. Wasichana nao akawashonea kanzu za mabaki, manjano kila moja, suruali ndani, na akina mama tulipokwenda kukagua ufukweni hatukupata la kulalamikia. Mimi nilijaribu. Nilisema maua ya waridi ni makubwa mno. Akaniambia nimpe Zaina au nimpe pazia lingine.

Nikampa Zaina.

Aliwafundisha kiangazi chote. Kila msichana alianza na bido mbili tupu, yale madumu ya mafuta, zilizofungwa kwapani, kisha moja, kisha hakuna. Kaporali alikaa juu ya jiwe akitazama, alisema ni kulinda usalama, ingawa mara nyingi nilimwona anasogeza midomo akihesabu pumzi pamoja nao. Jambo alilolisisitiza Mwalimu kuliko yote halikuwa kwenda mbali. Lilikuwa kulala chali na kutulia. Alisema mtu akianguka majini anataka kusimama, na maji hayana sakafu. Alale. Na ukimvuta mwenzio, mlaze kwanza, mshike kidevu, usimruhusu akukumbatie hata akiwa mama yako mzazi.

Hilo la mama mzazi alikuwa akinisema mimi, nilifahamu baadaye.

Maana tulikimbia tena, kama tulivyojua tutakimbia. Risasi upande wa mlimani, saa ya mchana, na mimi nikapanda mtumbwi pamoja na Zaina na watu wengi kupita kiasi, kama mara ya kwanza, binadamu hatujifunzi. Mwalimu hakupanda. Alitembea kando ya maji akifuata mtumbwi, kibegi begani, anatupigia kelele tukae chini. Hatukukaa. Ukapinduka.

Ninachokumbuka ni kijani, na pua inayowaka, na mtu ananishika nywele. Nilimkumbatia mtu huyo kwa nguvu zangu zote. Akanipiga. Mwanangu mwenyewe alinipiga usoni, akanigeuza, mkono wake ukanikaba chini ya kidevu. "Mama, lala! Lala, mama!" Sikulala. Nilipigana naye mpaka visigino vyangu vilipogusa mchanga. Pembeni yetu wasichana wengine wa fuaye walikuwa wanavuta watu hivyohivyo, kila mmoja na wake, na Mwalimu yumo majini hadi shingoni na kanga yake yenye tundu, anawapokea, anawahesabu kwa sauti. Alipofika mwisho alianza tena, na alipofika mwisho mara ya pili alikaa chini mchangani akalia kwa nguvu. Wote walikuwepo. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe, na nilikuwa nimepoteza viatu, mzigo, na jino moja alilonitoa Zaina.

Baadaye kila nilipomlalamikia kuhusu jino, alinijibu, "Ulikuwa unapigana na mutoto."

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa kitambo kirefu ilikuwa baada ya amani kurudi. Alikuwa amehamia Minago kwa mtoto wa dada yake, kati ya michikichi, kwa sababu magoti yalikataa kupanda kilima cha mtaa wetu. Nilikwenda na Zaina, ambaye siku hizi anafundisha wasichana pale ufukweni petu, kanzu za manjano zilezile. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya bido iliyogeuzwa. Macho yake yakaanzia mabegani kwangu, yakashuka, yakapanda.

"Amahoro, Mama Zaina. Haujabadilika taye hata kidogo." Taye kwetu ni kipimo cha mwili.

Alitupa chai. Ilikuwa na sukari, nikajua amezeeka. Kisha akamtuma Zaina ndani, akatoka na ile kombinezo, imepakwa unga wa muhogo isigandamane, viwiko vimetiwa viraka kwa ule mshono wake usiotokea upande wa pili.

"Vaa," akaniambia.

"Nani, mimi? Mimi ni mwuzaji tu."

"Siku ile uliifungua kutoka mu balo, niliona ni taye yako. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naihitaji. Sasa siihitaji tena. Vaa, nikuone."

Nilisema mengi. Nilisema umri, nilisema majirani, nilisema kifua ambacho sina. Zaina alikuwa ameshaanza kunipaka sabuni. Ilipanda mguu mmoja, ikapanda wa pili, na zipu ikafunga bila wanawake watatu, bila hata kuvuta sana. Nikainua mikono. Nikachuchumaa. Nikameza mate. Wakanivika ile kanzu ya pazia langu, imefifia, waridi karibu hazionekani.

Maji ya Minago ni safi, unaona kokoto. Zaina alinishika mgongoni kwa kiganja kimoja, akaniambia nilale, na mimi nikatafuta sakafu kwa visigino kama kawaida yangu. "Hakuna kitu huko chini, mama," akasema. "Lala tu." Nikaangalia juu. Masikio yakazama, sauti zote zikawa mbali, na ule mpira ukanishika kotekote, maji kidogo ndani yake yanapata joto polepole, kama alivyotuambia yule jirani yetu ukumbini kwangu. Nilikaa hivyo. Sijui kwa muda gani.

"Zaina, usiniachie," nikasema.

"Niko hapa," akajibu, lakini sauti ilitoka ufukweni. Niligeuza macho taratibu. Alikuwa amekaa mchangani karibu na Mwalimu, anakamua maji kwenye pindo la sketi yake.

"Mama Zaina!" Mwalimu akaita. "Inakubana?"

Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitazama. Nikanyoosha mkono mmoja juu.

"Basi iko yako," akasema.